Moyo Hauweki Akiba



Aliyepata mshtuko wa moyo, akibahatika kuingizwa kwenye mazoezi ya utengamao, huyafanya kwa wiki kadhaa huku akiangaliwa. Hupimwa presha, huhesabiwa mapigo, huambiwa aongeze mwendo au apunguze. Kisha siku ya mwisho hufika, akapewa mkono wa kwaheri akarudi kwake. Mazungumzo yangu yanaanzia hapo mlangoni, kwa kuwa ndipo wengi wanapotupotea.

Hawapotei kwa uvivu. Neno hilo nalikataa, na nawaomba madaktari wenzangu walikatae. Mtu huyu tumemzoesha kwamba mazoezi ni jambo la hospitali, lenye saa yake, mashine yake na msimamizi wake. Vikiondoka hivyo, na mazoezi huondoka. Nyumbani nako kila mmoja anamhurumia: "Baba, kaa, tutakwenda sisi." Mkewe hataki apande ngazi. Ni mapenzi ya kweli, na yanamdhuru.

Mwaka 1966, mjini Dallas, Marekani, Bengt Saltin na wenzake waliwalaza kitandani vijana 5 wenye afya kwa wiki 3. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena baada ya miaka 30, ilionekana kwamba umri wote huo haukuwa umewapunguzia nguvu kama zile wiki 3 za kulala. Na hao hawakuwa wagonjwa. Nguvu ya mazoezi hatuwezi kuiweka benki tukaitumia mwakani. Damu inapokwenda kwa kasi wakati wa mazoezi, kuta za mishipa hutoa naitriki oksaidi, nayo mishipa hulegea na kupanuka. Mtu akikaa kitako wiki chache, faida hiyo huanza kumtoka.

Basi yafanywe wapi, na vipi yadumu? Jibu ninalolipenda lilitoka London mwaka 1953. Jerry Morris aliwalinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa: madereva waliokaa kutwa, na makondakta waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Makondakta waliugua moyo kwa uchache zaidi. Hakuna aliyewaambia wafanye mazoezi. Mwendo ulikuwa ndani ya kazi yao, ndiyo maana uliendelea.

Mji wetu wa Kale, hapa Mombasa, una njia za namna hiyo. Toka Ngomeni ufuate Ndia Kuu hadi Bandari ya Kale, kisha urudi kwa upande wa soko la Marikiti. Nyumba ndefu zilizokaribiana zinakupa kivuli, na mabaraza ya mawe yanakupa pa kukaa pumzi ikikatika. Kwa mtu anayeogopa kuanguka njiani, baraza lina thamani kuliko mashine yoyote ya hospitali. Anayekwenda msikitini kwa tuktuk na aende kwa miguu, polepole. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, na tangu 2020 halidai tena kwamba kila kipande kifike dakika 10. Hatua za kwenda kuswali zinahesabika. Za kwenda kuzuru mgonjwa pia.

Joto letu lisidharauliwe. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, hewa ina unyevu na jasho halikauki. Damu hukimbilia kwenye ngozi kuupoza mwili, na moyo hubeba kazi mbili. Tembea baada ya alfajiri, au jua likishapunga. Katika Ramadhani, baada ya kufuturu na chakula kutulia. Anayetumia dawa za beta-bloka asitegemee kuhesabu mapigo, kwani dawa huyazuia yasipande. Mwendo ufaao ni ule unaomwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Kifua kikibana, au kizunguzungu kikija, asimame, akae, atumie dawa ya chini ya ulimi kama alivyoelekezwa. Maumivu yasipotulia ndani ya dakika 5, apelekwe hospitali mara moja.

Linaloniuma zaidi ni la mama zetu. Duniani kote wanawake hupelekwa kwenye utengamao kwa uchache kuliko wanaume. Hapa kwetu, mzee wa kiume akitoka jioni kwenda ufukweni Mama Ngina kupunga upepo, haulizwi. Bibi wa miaka 60 huulizwa: waenda wapi, na nani, na kwa nini sasa? Hilo daktari hawezi kuliandikia dawa. Linatatuliwa na jirani anayebisha hodi alfajiri, na mkaza mwana anayevaa buibui wakatoka pamoja, na mwana wa kiume anayekubali chai yake ichelewe.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa hospitali zetu za kisiwani. Siku ya mwisho ya utengamao, mgonjwa aje na mtu wake: mke, mume, jirani, rafiki wa barazani. Mtu huyo akabidhiwe karatasi ya Kiswahili yenye njia waliyoichagua, dakika zake, dalili za kusimama na nambari ya simu ya kliniki. Baada ya mwezi apigiwe simu yeye, aulizwe kama bado wanatembea.