SPEA ZA KISASA KWENYE INJINI YA ZAMANI: MANENO YA KAMATI YA USAFIRI



Maneno haya tuliyasema kwenye mkutano wa Jumamosi iliyopita. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya wenzetu waliokuwa shamba, maana kura ni ya wote.

Gari letu, Land Cruiser la mwaka 1992, limelala. Injini inagonga kwa chini, nasi tumeizima kabla haijavunja kranki. Tusidanganyane jamani, kosa ni letu. Msimu wa kahawa uliopita tulipitisha siku za kubadili oili, kila mara tukisema "bado kidogo". Oili ikawa uji mweusi, beringi za konrodi zikalika. Na gari hili si la magunia peke yake. Mama akishikwa na uchungu usiku, ndilo linalompeleka hospitali.

Sasa amekuja fundi kutoka mjini. Anazo silinda hedi na pampu ya dizeli za injini ya mtindo wa baadaye, anataka tuzinunue tuzifunge kwenye injini yetu. Anasema gari litapanda mlima kama swala. Vijana wamefurahi sana. Sisi Kamati tumeuliza na kupima kwanza, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Injini yetu inaitwa 1HD-T. Ilianza kutumika mwaka 1990. Ina silinda 6, ujazo wa sentimita 4,164, valvu 12 na tabo. Mwaka 1995 ikatoka 1HD-FT yenye valvu 24, na mwaka 1998 ikatoka 1HD-FTE. Zote tatu zina ujazo uleule na upana wa silinda uleule, milimita 94. Hapo ndipo mtu hudanganyika, akaona ni ndugu wa tumbo moja, basi nguo ya mmoja itamfaa mwingine.

Hapana. Kwenye injini yetu nozeli huingia kwa mshazari, na shimo la kuchomea dizeli juu ya pistoni limekaa kufuata mshazari huo. Kwenye ile ya valvu 24 nozeli imesimama wima katikati. Ukifunga hedi mpya juu ya pistoni za zamani, dizeli itamwagwa mahali pasipo pake. Kwa hiyo hedi hiyo inataka na pistoni zake, na gasketi ya unene wake, na mabomba yake. Pampu ya 1HD-FTE nayo huamriwa na kompyuta. Bila kompyuta, nyaya na vipimo vyake, pampu hiyo ni chuma tu. Tukianza na spea mbili tutaishia kununua injini nzima vipande vipande.

Je, hakuna cha kisasa kinachofaa? Kipo. Tabo husukumwa na moshi wa ekzosi, nayo hushindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikishindiliwa hupata moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Injini nyingi za baadaye zikafungwa intakula, yaani rejeta ya kupooza hewa hiyo kabla haijaingia. Kifaa hiki hukaa nje ya injini. Hakigusi pistoni wala valvu, na kisipofaa hufunguliwa. Hicho tunaweza kukifikiria, lakini baada ya ugonjwa wenyewe kupona.

Maana hata hedi ya dhahabu haitibu beringi iliyolika. Ukiongeza nguvu juu, konrodi itapigwa zaidi chini. Na fundi akifungua skrubu ya pampu ili dizeli iingie nyingi, moshi utakuwa mweusi, joto litapanda, mwishowe pistoni itayeyuka.

Basi Kamati inashauri hivi:

1. Kranki itolewe, ipimwe. Ikiwa imekwaruzika isagwe, na beringi zinunuliwe kwa kipimo chake: standadi, au 0.25, au 0.50. Zisinunuliwe kabla ya kupima.

2. Pampu ya oili na tabo vifunguliwe na kukaguliwa. Mhimili wa tabo huelea juu ya oili ukizunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Oili chafu iliyokula beringi haikuiacha tabo salama.

3. Hedi na pampu ya dizeli vibaki vyetu.

4. Fedha ya kahawa ikibaki, ndipo tuzungumze habari ya intakula.

5. Daftari la gari litundikwe ofisini. Oili na chujio vibadilishwe kila kilomita 5,000, dereva atie sahihi, na mwanachama yeyote aruhusiwe kusoma. Gari likitoka mlimani na mzigo, lisizimwe papo hapo. Liachwe lingurume dakika 1 au 2 ili tabo ipoe.

Tunajua wako watakaosema Kamati inaogopa maendeleo. Ndugu zetu, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Fundi atafunga, atalipwa, atarudi mjini. Sisi ndio tutakaobaki na gari bovu na mgonjwa mlangoni.

Kura ni Jumamosi ijayo, saa 4 asubuhi, kwenye ghala. Mwenye swali aje aulize, na mwenye wazo bora kuliko letu aje nalo. Fedha ni yetu sote.



Kamati ya Usafiri