Jiwe Lililosafiri na Watu Waliolipokezana

Wazee wa Meru na Embu husimulia habari za Agumba, watu wa misitu ya Mlima Kenya waliotangulia kabla mashamba hayajafyekwa, na ambao hawakuacha hati wala kaburi lenye jina. Nasi, tukiwatafakari wawindaji wa kale, twatamani kujua si walikula nini tu, bali walijuana na nani.

Ushahidi ulio bora, kwa maoni yangu, umo katika obsidiani, lile jiwe jeusi ling'aalo ambalo huzaliwa uji wa volkano upoapo kwa ghafula. Kila chimbuko lina mchanganyiko wake wa elementi, hata mtaalamu akikipima kipande kwa miale ya eksirei hutambua kama asili yake ni Naivasha au kwingineko. Mwaka 2018 watafiti Alison Brooks, Richard Potts na wenzao walitangaza kwamba huko Olorgesailie, kusini mwa Kenya, miaka 300,000 hivi iliyopita, watu walichonga obsidiani iliyotoka masafa ya kilomita 25 hadi 50, na nyingine hata 95. Katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, vimekutwa vipande vya Naivasha, safari ipitayo kilomita 300.

Atakayesema kwamba labda mtu mmoja alikwenda akalichukua jiwe hilo, hoja yake ina uzito kwa masafa mafupi. Lakini masafa yazidipo, msafiri hana budi kukanyaga viwanja vya mawindo na kunywa maji ya wenyewe, na hilo halitendeki pasipo idhini, wala idhini haipatikani pasipo udugu. Wawindaji wa Kalahari, hata katika zama zetu, wamepeana tunu na marafiki wa mbali, ili ukame ukiwafika kwao wawe na pa kukimbilia. Mshabaha wa umbo baina ya zana na zana ni dalili dhaifu zaidi, kwani watu wawili wasioonana waweza kubuni kisu kimoja. Elementi za jiwe hazibuniwi.

Basi ukilima Mbeere, mbali na volkano za Naivasha kwa zaidi ya kilomita 100, ukaona kijipande cheusi king'aacho, usikiondoe, kwa kuwa mahali kilipolala ni nusu ya ushahidi. Tia alama, kisha upeleke habari Makumbusho ya Meru, kama itakavyo sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006.