Msaada Utokao Mbali na Wajibu Wetu Tuupokeao



Ndugu wapenzi, ninyi mkaao Kiliba, Sange na Luvungi katika uwanda wa Ruzizi, na ninyi wa ufukoni, toka Kalundu hata Makobola na Baraka, twawasalimu. Leo twataka kusema juu ya msaada utokao nchi za mbali. Wako wasemao, «Msaada ni zawadi tu, na zawadi haiulizwi hesabu.» Wengine husema, «Ni mali ya wageni, na mali ya wageni haina mwenyewe.» Maneno yote mawili si ya kweli. Sikilizeni kwa nini.

Kwanza, jueni ya kuwa msaada wa mbali si jambo jipya. Wakristo wa Yerusalemu walipokuwa na uhitaji, Mtume Paulo aliwakusanyia fedha katika makanisa ya Makedonia na Korinto, ng'ambo ya bahari. Wamakedonia wenyewe walikuwa maskini, nao walitoa. Lakini tazameni alivyofanya Mtume. Hakukubali kuzishika fedha zile peke yake. Alitaka ndugu waliochaguliwa na makanisa wafuatane naye, ili mtu yeyote asipate sababu ya kumshuku. Ikiwa Mtume alikubali kuangaliwa hesabu yake, mwenye kutunza sanduku la kijiji atakataaje?

Papa Paulo wa Sita naye, katika barua yake Populorum Progressio ya tarehe 26 Machi 1967, alifundisha kwamba mataifa tajiri yana wajibu wa kuyasaidia mataifa maskini. Lakini alifundisha pia kwamba kila taifa lapaswa kuwa mjenzi wa maendeleo yake lenyewe. Basi, wajibu uko pande mbili: upande wa mkono utoao na upande wa mkono upokeao.

Sasa tutazame mfano ulio karibu nasi. Maji ya bomba ya mji wa Uvira huchotwa katika mto Mulongwe, husafishwa, kisha hupelekwa mjini. Maji yakikatika, akina mama hurudi ziwani na mitoni na ndoo na mabidoni yao. Wataalamu walilipima jambo hili tangu mwaka 2009 hata 2014. Walilinganisha siku zilizokosa maji na hesabu ya wagonjwa walioingia katika kituo cha kipindupindu, nao walitangaza waliyoyaona mwaka 2015. Baada ya siku isiyo na maji ya bomba, katika siku 12 zilizofuata wagonjwa waliongezeka kupita mara mbili. Tena karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile walitokana na upungufu wa maji hayo. Basi, bomba lililokauka si usumbufu tu. Ni kitanda cha mgonjwa.

Kwa sababu hiyo fedha zilitoka kwa Wafaransa, kwa Umoja wa Ulaya na kwa Fondation Veolia, ili mitambo itengenezwe na mabomba yaongezwe. Kisha, mwezi wa Aprili 2020, Mulongwe ulifurika. Uliua watu, ukabomoa maelfu ya nyumba, ukaiharibu na mitambo ya maji. Kwa hiyo tufahamu: bomba likiisha kujengwa, kazi haijaisha. Fedha ya mbali hununua bomba. Lakini haikai pale kufunga koki iliyoachwa wazi, wala kuchimba mfereji uliozibwa na takataka, wala kuilinda miti ya mlimani iushikao udongo juu ya mto. Kazi hizo ni za wenyeji.

Hapa ziko dhambi mbili za kuepukwa. Ya kwanza ni kula kilichotolewa kwa wote. Auzaye dawa zilizoletwa bure, au aandikaye majina ya watu wasiokuwapo ili apate mgao wao, haibi mali ya mgeni. Amwibia mjane wa jirani yake. Ya pili ni ulegevu, yaani kuacha chombo kife kwa kungoja aliyekileta arudi kukitengeneza. Wahenga walisema: Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mtoaji naye aweza kukosa, akija na shauri lililokwisha kukatwa mbali, asiwaulize wakulima juu ya shamba lao, wala akina mama juu ya njia ya maji. Msimwogope. Mwambieni kwa adabu, mapema, kabla shimo halijachimbwa pasipofaa.

Tena, msaada wa wanadamu hauna ahadi ya milele. Mwaka 2024 Marekani ilitoa karibu sehemu 70 katika kila 100 za fedha zilizopatikana kwa msaada wa dharura katika Kongo. Tarehe 20 Januari 2025 serikali yake ilisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka ule ule shirika lake, USAID, liliacha kazi. Tusimlaumu mgonjwa aliyekosa dawa, hakuwa mvivu. Wala kijiji hakiwezi peke yake kujenga hospitali au kulisha maelfu waliokimbia vita. Lakini kilicho ndani ya uwezo wetu tusikiache mikononi mwa wengine.

Kumbukeni mihogo. Ugonjwa wa batobato ulipoyakunja majani, viligawanywa vijiti vya aina iustahimiliyo. Aliyepanda, akavuna, akampa jirani vijiti vya kupanda, aliugeuza msaada kuwa mali ya kijiji. Aliyepika mizizi akatupa vijiti, mwaka wa pili alirudi kuomba.

Sasa mkaulizane nyumbani:

Swali: Msaada ni mali ya nani?
Jibu: Ni mali ya wale uliotolewa kwa ajili yao, hasa walio maskini kupita wote.

Swali: Mtunza mali ya wote apaswa kufanya nini?
Jibu: Aandike kila faranga iingiayo na itokayo, na kuisoma hesabu mbele ya watu wote.

Swali: Twajuaje kama msaada umezaa matunda?
Jibu: Tukiweza kuendelea na kazi yake baada ya mgeni kuondoka.

Mungu aibariki mikono itoayo, na mikono ipokeayo aitie uaminifu na nguvu. Amina.