Andika Ulichosikia, Si Ulichotamani Kusikia

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya watu wenye mapenzi ya ajabu kidogo. Mtu ana redio nzuri, stesheni za mjini kwake zinasikika bila tabu, lakini yeye hana haja nazo. Huzungusha kitufe polepole, akitafuta pale penye mkwaruzo mtupu, kwa matumaini kwamba chini ya mkwaruzo huo iko sauti ya mtu aliye mbali. Watu hawa wamo katika nchi nyingi, na mchezo wao huitwa DX, kifupisho cha zamani cha wapiga telegrafu chenye maana ya umbali.

Wako wanaotafuta katika masafa mafupi, ambako sauti ya nchi za mbali kutufikia si jambo geni. Ninaowasema leo wamejichagulia kazi ngumu zaidi. Wao hutafuta stesheni za mbali katika FM, baina ya megahezi 88 na 108. Ni kazi ngumu kwa sababu mawimbi ya FM kwa kawaida huenda yamenyooka kama mwanga wa tochi, na dunia ni mviringo. Mnara wenye urefu wa mita 100 upeo wake ni kilomita 41 hivi. Ukiweka erieli yako juu ya paa, mita 9 kutoka ardhini, unaongeza kilomita 12. Zaidi ya hapo sauti hufifia upesi.

Sasa tazama ramani ya pwani yetu. Kutoka Unguja mjini hadi Dar es Salaam ni kilomita 70 na kitu, na katikati ni bahari tupu. Ndiyo maana wakati Tanzania Bara haina televisheni, yaani kabla ya mwaka 1994, wako watu wa Dar es Salaam waliosimamisha erieli ndefu wakatazama picha za Zanzibar. Lakini kutoka Tanga hadi Mombasa ni kama kilomita 130, na kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa ni zaidi ya 300. Kwa hesabu ya upeo, hapo pasisikike kitu.

Hata hivyo ziko siku ambazo hesabu hiyo huvunjika, na sababu ni hewa. Kwa kawaida kadiri unavyopanda juu ndivyo baridi inavyozidi. Lakini mara nyingine, hasa juu ya bahari iliyotulia, hewa ya joto na kavu hulala juu ya hewa ya baridi yenye unyevu. Mawimbi yakiingia katikati hapo hupindwa chini tena na tena, yakasafiri kama maji ndani ya mfereji kwa mamia ya kilomita. Mwaka 1957 wapenzi wawili wa redio, mmoja California na mwingine Hawaii, waliwasiliana kwa njia hiyo kupitia Bahari ya Pasifiki katika megahezi 144, umbali wa kilomita 4,000 hivi. Iko na njia nyingine. Kiasi cha kilomita 100 juu yetu huzuka vipande vya tabaka la umeme ambavyo hurudisha mawimbi ardhini, na msikilizaji wa Ulaya wakati wa kiangazi akapata stesheni iliyo kilomita 2,000, kwa dakika chache tu, kisha ikatoweka.

Basi, ndugu msikilizaji, kunasa sauti ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nilete mazungumzo haya: kujua uliyemsikia ni nani.

Chukua mfano wa mtu aliye Tanga. Saa kumi na mbili asubuhi ananasa sauti hafifu ya Kiswahili mahali ambapo jana palikuwa kimya. Moyo unamwambia ni Mombasa. Lakini Kiswahili kinatangazwa pande zote. Anasikia bei ikitajwa kwa shilingi, na shilingi ziko Kenya na Tanzania pia. Anasikia neno matatu, naye anafurahi, kumbe huenda mtangazaji wa Dar es Salaam anasoma habari za Nairobi. Tangazo la kifo likitaja kijiji na msikiti atakaposaliwa marehemu, hapo amekaribia. Tangazo la duka likitaja mtaa, amekaribia zaidi.

Na hata akisikia jina la stesheni asikimbilie kalamu. Idhaa kubwa hurusha kipindi kimoja kupitia minara mingi, na kila mnara una masafa yake. Jina limethibitika, mnara bado. Sharti atazame namba ya masafa, ageuze erieli aone sauti inapata nguvu upande gani, kisha alinganishe na orodha ya minara. Tena FM ina tabia yake: stesheni mbili zikigongana katika namba moja, aghalabu yenye nguvu huimeza nyenzake. Uliyemsikia sasa huenda siye uliyemsikia dakika mbili zilizopita.

Mpenzi wa kweli wa mchezo huu huwa na daftari. Huandika tarehe, saa, masafa na maneno aliyoyasikia. Palipo na shaka huweka alama ya kuuliza, na alama hiyo huweza kukaa miaka. Hakuna mwamuzi anayemsimamia. Akitaka kuandika Mombasa ataandika, na hapana atakayejua. Lakini daftari lenye uongo mmoja halina thamani tena hata kwa mwenyewe.

Je, sisi wengine tuna daftari la namna hiyo? Sauti inatufikia katika simu, haina jina wala mahali, nasi tunaipeleka kwa watu hamsini kabla chai haijapoa. Fulani amekufa, benki fulani imefilisika, kijiji fulani kimeshambuliwa. Tumesikia neno moja, tukamalizia wenyewe yaliyobaki. Huku mtu wa redio, kwa jambo dogo lisilomdhuru yeyote, anakesha akingoja ushahidi wa pili.

Mchezo huu nao una adui zake. Stesheni za mijini zimejaa, hata nafasi tupu ni adimu, na taa na chaja za kisasa zisizotengenezwa vizuri hutia kelele. Norway ilizima FM ya idhaa zake za taifa mwaka 2017, na shirika la utangazaji la umma la Uswisi likafuata mwishoni mwa mwaka 2024. Kwetu FM ingali hai. Anayetaka kujaribu hahitaji fedha nyingi. Redio ndogo yenye erieli ya kuvuta yatosha, mahali pa juu, mbali na taa, alfajiri au jioni wakati bahari imetulia.

Ukipata sauti usiyoijua, usiipe jina haraka. Iache ijitaje yenyewe. Isipojitaja, weka alama ya kuuliza, na kesho uamke mapema. Wahenga walisema subira huvuta heri, nami naongeza kwamba huvuta na ukweli. Hadi wiki ijayo, nakutakia usikivu mwema.