Mwanagenzi Ugenini Akae Mtaa Gani?

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, wazazi na vijana wanaojiandaa kwenda mafunzoni)



Tumeombwa tuseme machache juu ya vijana wetu wanaokwenda nchi za nje kujifunza kazi. Habari za pasipoti, nauli na cheti mmekwisha kuzisikia kwa wengine. Sisi twataka kusema juu ya jambo moja ambalo watu hulidharau mpaka liwaumize: mwanagenzi akifika ugenini, akae mtaa gani? Tulikwenda watatu. Wawili tulirudi na cheti, na mwenzetu wa tatu alirudi mikono mitupu. Kazi aliiweza vizuri kuliko sisi. Aliangushwa na mahali alipolala.

Ninyi mwajua kwamba huku kwetu reli haikufika. Mtu wa Meru huifuata Nanyuki, na mtu wa Embu huifuata Sagana. Kwa hiyo tangu zamani, mtu wa kwetu anayetaka kazi ya reli sharti aondoke nyumbani. Tena wazee wetu hawakuchagua pa kulala. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya wakoloni ilifunga mji wa Nairobi, ikakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Waliobakizwa mjini walitakiwa kuwa na kitambulisho maalum na kukaa mahali walipoamriwa. Hata katika kazi ya reli mambo yalikuwa ya kupangiwa. East African Railways and Harbours, iliyoanza mwaka 1948, ilikuwa na nyumba zake: Nairobi palikuwa na Muthurwa na Makongeni, Dar es Salaam palikuwa na Gerezani, Kampala palikuwa na Nsambya. Vyumba vilikuwa vidogo, na wafanya kazi walikuwa na malalamiko mengi juu yake. Lakini mtu aliyehamishwa alipata pa kuweka sanduku lake, na kazini hapakuwa mbali.

Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977. Siku hizi mwanagenzi hupewa barua ya mafunzo na posho kidogo, chumba ajitafutie mwenyewe. Tumepata uhuru wa kuchagua ambao baba zetu hawakuwa nao. Ni jambo jema, lakini asiyejua kuchagua hulipa.

Sasa tuwaelezeni yaliyotupata. Reli mpya ya Kenya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ilianza kwa injini za dizeli. Wenzetu wa Tanzania walijenga yao ya umeme. Ilianza safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Mtu wa reli anayetaka kujifunza kazi ya nyaya za umeme juu ya njia hana haja ya kwenda mbali. Basi tulipata nafasi ya mafunzo katika karakana moja kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, kwa muda wa miezi sita. Mmoja wetu alitoka Maua, mmoja Nkubu, na mmoja Runyenjes.

Kabla hatujaondoka, mtu mmoja wa kwetu aliyekuwa akikaa Kigamboni alituletea picha ya vyumba kwa simu. Vilikuwa vizuri, vina upepo wa bahari, na kodi ni shilingi 60,000 za Tanzania kwa mwezi. Wakati ule shilingi moja ya Kenya ilipata karibu shilingi 20 za kule, kwa hiyo tuliona ni kama shilingi 3,000 zetu. Tukafurahi. Ndipo tukaambiwa desturi ya mji ule: kodi hulipwa ya miezi sita pamoja, au hata mwaka mzima, na dalali hupewa kodi ya mwezi mmoja kwa kazi yake. Huku kwetu tumezoea kulipa mwezi kwa mwezi pamoja na amana. Tulikopa, tukatuma shilingi 420,000 kwa kila mtu, nasi hatujaukanyaga mtaa wenyewe.

Tulipoanza kazi, tuliona kosa letu siku ya kwanza. Zamu ya asubuhi ilianza saa kumi na mbili kamili. Kutoka chumbani tulipanda gari mpaka kivukoni, tukangoja pantoni, tukavuka, kisha tukapanda daladala nyingine. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, lipo, lakini kwa upande tuliokaa lilikuwa mzunguko. Siku ya foleni tuliamka saa tisa za usiku na bado tulichelewa. Mgeni aliyezaliwa mlimani, katika baridi ya migomba na chai, akilala saa nne katika joto lile na kuamka saa tisa, baada ya mwezi mmoja huwa kama mgonjwa. Na mtu aliyesinzia hafai kuwa karibu na waya wa umeme.

Sheria ya karakana ilikuwa wazi: ukichelewa mara tatu, mafunzo yako yamekwisha. Mwenzetu wa Maua alichelewa ya tatu siku ya Jumatatu. Alikuwa amesimama kivukoni tangu saa kumi. Alieleza, lakini walimwonyesha karatasi aliyotia sahihi. Kodi yake ya miezi iliyobaki hakurudishiwa. Alipanda basi la Namanga akarudi nyumbani, na mkopo wake anaulipa mpaka leo.

Sisi wawili tuliobaki tuliona sharti tuhame, ingawa kodi ilikuwa imekwenda. Tulionyeshwa chumba cha bei ndogo katika bonde la mto Msimbazi. Tulikuwa karibu kukubali. Mama ntilie mmoja tuliyekuwa tukila kwake alitusikia, akasema, “Wanangu, mmetazama ukuta?” Tulirudi tukatazama. Palikuwa na mstari wa tope kwenye ukuta, usawa wa kifua. Ni alama ya maji. Bonde lile hujaa wakati wa mvua. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko yaliua watu mjini, na baadhi ya wakazi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Tulimshukuru mama yule, tukaacha.

Mwishoni tulipata chumba Buguruni. Mtaa una kelele, na chumba kilikuwa cha shilingi 100,000. Lakini tulikwenda kazini kwa miguu. Hebu tufanye hesabu pamoja. Kigamboni nauli zote za kwenda na kurudi zilikuwa shilingi 2,600 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 67,600. Ukijumlisha na kodi ya 60,000 unapata 127,600. Chumba cha bei rahisi kilikuwa kimetuzidishia shilingi 27,600 kila mwezi, mbali na usingizi.

Ndugu zetu, kutokana na hayo tumejifunza mambo matano.

La kwanza, anza na lango la kazi na saa ya zamu. Uliza mapema: nitaingia saa ngapi, nitatoka saa ngapi? Kisha tafuta mitaa ambayo waweza kufika kazini hata gari likikosekana.

La pili, usilipe kodi ya miezi kwa chumba ulichokiona katika picha. Lala kwanza nyumba ya wageni kwa siku chache. Tembea njia ya kazini saa ile ile ya zamu yako, na kama utatoka usiku, itembee usiku pamoja na mwenyeji.

La tatu, tazama ukuta, choo, na mahali maji yanapopita. Uliza umeme hulipwaje. Mahali wapangaji wote wanapotumia mita moja ya LUKU, ugomvi huwa hauishi. Na mtu wa mlimani asikose chandarua.

La nne, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ukajitambulishe na barua yako. Mkataba uandikwe, na kila malipo yawe na risiti. Omba kulipa miezi mitatu badala ya sita. Wengine hukataa, lakini mwenye nyumba wa Buguruni alikubali tulipomwendea kwa adabu. Na hapo twawaonyeni vijana wa bara: kule hawaanzi na neno “nipe”. Mkubwa huamkiwa “shikamoo”, na kitu huombwa kwa “naomba”. Neno moja la heshima lilitupunguzia kodi ya miezi mitatu ya mbele.

La tano, mtu wa kwetu ni ndugu, lakini mtaa wake waweza kuwa mbali na kazi yako. Yule wa Kigamboni hakutudanganya. Yeye alifanya kazi Kigamboni, na kwake mtaa ulikuwa mzuri. Sisi ndio hatukumwambia lango letu lilikuwa wapi.

Labda mzazi mmoja atasema, “Mwanangu haendi Dar es Salaam, anakwenda Ulaya.” Ni kweli, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya wafanya kazi mjini Berlin mwezi wa Septemba 2024, na vijana wengi wanajifunza Kijerumani. Kule nako kuna desturi zake. Kuna kodi waiitayo ya baridi, yaani chumba kitupu, na kodi ya joto, ambayo ina gharama za kupasha nyumba moto na nyinginezo. Asiyejua tofauti huona kodi ni ndogo. Amana kwa sheria haizidi kodi ya baridi ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Mtu akihamia nyumba sharti aiandikishe anwani yake kwa serikali katika muda wa wiki mbili, kwa hiyo chumba ambacho mwenyewe hataki kukuandikia barua kitakutia mashakani. Desturi ni nyingine, lakini swali la lango na zamu ni lile lile.

Bwana Mwenyekiti, mambo mengine mwanagenzi hawezi kuyafanya peke yake. Kwa hiyo twaomba chama kidai mambo mawili kwa waajiri wanaopeleka watu mafunzoni. Barua ya mafunzo itaje mahali pa kazi na saa za zamu. Na posho ya nyumba ilipwe kabla ya safari, pamoja na malazi ya wiki mbili za kwanza, ili mtu apate nafasi ya kutazama.

Jambo la tatu ni letu wenyewe, halihitaji mwajiri. Tawi liwe na daftari. Kila anayerudi aandike mtaa aliokaa, kodi, nauli, na muda wa kufika kazini. Sisi tumekwisha kuandika ukurasa wa kwanza, na mwenzetu wa Maua ameandika wa pili kwa mkono wake. Kijana yeyote anayeondoka na apite ofisini ausome.