Maji Yaliyopanga Makazi ya Taita

Mtu asimamaye Voi wakati wa kiangazi huuona mto kuwa njia ya mchanga tu. Akiinua macho kuelekea magharibi, aiona milima ya Dawida imefunikwa na ukungu. Mchanga ule na ukungu ule ndio uonyeshao kwa nini watu wa kale walikaa walipokaa.

Mji wa Voi uko chini ya meta 600 juu ya bahari, na kilele cha Vuria, kirefu kuliko vyote vya Taita, chapita meta 2,200. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huivuka nyika bila ya kuacha mvua nyingi. Zikiipiga milima hupanda juu na kupoa, na unyevu wake ukawa ukungu na mvua. Misitu huushika ukungu huo, na ardhi huyatoa maji polepole katika chemchemi.

Wataita wa kale waliyafahamu hayo. Walijenga mitelemkoni mwa Dawida, Sagalla na Kasigau, wakachimba mifereji ya kupeleka maji mashambani, wakagawana maji kwa zamu. Nyikani walishuka kuwinda na kulisha mifugo.

Penye mto usiokauka mambo yalikuwa mengine. Kandokando ya Galana, kaskazini ya Voi, wachunguzi wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya wafugaji walioishi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Hata misafara ya karne ya 19 iliifuata sheria hiyo ya maji: ilitoka mashimo ya mawe ya Taru hadi Maungu, kisha Ndara, ndiyo Sagalla, ikapata maji na chakula.

Reli ilipofika mwishoni mwa karne hiyo, mji ulikua tambarare, na leo Voi hupata maji ya bomba litokalo chemchemi za Mzima. Lakini si kila kijiji cha bondeni kina bomba. Tena misitu ya milimani imebaki vipande vidogo, kama Ngangao, Mbololo na Chawia. Basi akataye mti huko juu hajipunguzii kivuli peke yake. Ampunguzia maji jirani aliye chini. Wazee waliogawana mfereji mmoja walilijua neno hilo, na yafaa wajukuu wao walishike.