Kolwezi iko mbali na nini?



Niko na diplome ya informatiki tangu miaka mbili, na kazi hakuna. Mwaka jana kampuni moja ya programu iliniita ku mtihani wa kazi. Mtihani ni Kinshasa, kisha siku tatu. Tikiti ya ndege ilipita kodi ya nyumba ya mama ya miezi mingi. Sikuenda. Najua hapa ndani kuna wengi walipatwa na mambo kama hayo, wananyamaza tu.

Tukiuliza, wanatujibu: "Nyinyi muko mbali." Mbali na nini? Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka hapa Lualaba. Betri za simu, za ordinatere, za magari ya umeme zinaitafuta. Makamyo yanaibeba mpaka Kasumbalesa, inavuka. Sisi tunabakia na vumbi.

Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 walivuta laini ya umeme toka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1.700, juu ya migodi. Siku ile hakuna aliyesema Kolwezi iko mbali. Kumbe umbali si kilometa. Umbali ni uamuzi wa watu.

Tuseme ukweli: kampuni ya teknolojia inaenda kwenye kuko wizara, banki, wateja na intaneti yenye haikatike. Kebo ya kwanza ya bahari ilifikia Muanda mu 2013, upande ule ule wa Kinshasa. Ya kwanza ikikaa pale, ya pili inaifuata, na vijana wenye kujua kazi wanazifuata zote. Hapa kunabakia wachache, halafu wanasema hapa hakuna watu wenye akili.

Sitaki tuchukie Kinshasa. Kijana wa Masina naye anatafuta kazi kama mimi. Na tusingojee Kinshasa itutumie kitu, juu sheria imekwisha kuweka feza karibu na sisi. Kodi ya Serikali juu ya madini, ile wanaita redevance, Code minier ya 2018 inaigawa hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% kwa mji, komini, sekta ao sheferi yenye mgodi uko, na 10% kwa vizazi vijavyo. Tena kila kampuni ya mgodi inapashwa kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake juu ya maendeleo ya watu wanaoishi karibu.

Basi tuulize mambo mawili tu. Ile 15% ilifanya nini mwaka huu? Na kwa nini sehemu yake isijenge hata nyumba moja yenye umeme, intaneti na ordinatere, kijana aandike programu bila kupanda ndege?

Tutaenda ku komini na ku ofisi ya meya, bila fujo, bila kutukana mtu, barua mu mkono. Wakitufukuza, tutarudia kesho yake.

Barua iko hapa mbele. Mwenye kukubali apite atie sahihi.